Diski ya Zamani Katika Kompyuta Mpya

Katika nyumba nyingi za kambini utaikuta kompyuta kuukuu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Haiwaki tena, wala hakuna anayethubutu kuitupa, kwa kuwa ndani yake mna picha za arusi na hati za jamaa. Hata kwetu ilikuwepo. Marehemu baba, aliyekuwa polisi, aliinunua mwaka 2004, na humo alihifadhi nakala ya mapatano ya kununua kiwanja chetu. Hati yenyewe ililiwa na mchwa. Mwaka jana, jirani alipodai kwamba mpaka umesogezwa, mama alinitazama mimi, kwani ndimi niliyesomea ualimu.

Yafaa ijulikane kwamba kompyuta kufa si diski kufa. Diski ni kisanduku cha chuma chenye visahani vinavyozunguka, navyo huhifadhi maandishi kwa sumaku hata umeme ukikatika. Kuitoa ni kazi ya skrubu chache. Taabu ni kuiunganisha. Diski za zama zile, ziitwazo IDE, hupokea kebo pana yenye matundu 40. Zile za SATA, zilizoanza kuenea mwaka 2003, zina kebo nyembamba yenye miguso 7 tu. Hapana budi kununua adapta inayoishia kwenye USB. Hakikisha ina umeme wake wenyewe, maana diski ya kompyuta ya mezani hutaka volti 12 pamoja na volti 5, na tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 peke yake.

Wako wanaodhani kwamba wataiwasha kompyuta mpya kwa diski ileile ya zamani. Windows XP iliyomo ilizoeshwa mashine yake. Katika mashine ngeni aghalabu huishia kwenye kioo cha buluu. Iache kompyuta mpya iwake kwa diski yake, na ya zamani iwe mgeni wa kusomwa tu.

Basi nikaipeleka yetu kwa fundi mjini. Kioo kikaandika kwamba diski haina budi kufomatiwa kabla ya kutumiwa. Kijana akanyosha kidole kukubali. Nikamshika mkono, nakiri, kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu. Ombi lile halimaanishi kwamba diski ni tupu. Lamaanisha kwamba kompyuta imeshindwa kuisoma. Ukikubali, orodha ya faili zote hufutwa, na kuzirudisha ni kazi ya gharama isiyo na hakika. Tulibadilisha kebo, nayo diski ikafunguka.

Folda yenye jina la baba ikakataa tena, ikidai kwamba hatuna ruhusa. Hapo msikate tamaa. Hiyo ni kufuli ya akaunti ya zamani, na mwenye mamlaka ya msimamizi wa kompyuta aweza kuutwaa umiliki wa folda. Sivyo iwapo diski ilifungwa kwa BitLocker: asiye na nywila atatakiwa ufunguo wa tarakimu 48, na akiukosa huo pia, hata fundi hodari hana njia.

Tulinakili kila kitu kabla ya kufungua hata barua moja, kwa kuwa diski ya umri ule yaweza kukata roho wakati wowote. Picha tatu hazikusomeka.

Neno moja kwa wanaofanya kinyume, yaani kutia diski mpya katika mashine ya zamani: nyingi za mashine hizo haziwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 137. Diski ikizidi hapo, usiitie kitu cha thamani, maana maandishi mapya yaweza kuandikwa juu ya yale ya awali.

Mapatano yalipatikana, kurasa mbili, pamoja na sahihi za mashahidi. Mama aliagiza yachapwe nakala tatu. Diski yenyewe ameirudisha juu ya kabati, imefungwa katika kitambaa kilekile.