Mkandarasi akifutwa, nani aijenge upya nyumba?

Na Mwandishi Wetu

KILA jengo linapoporomoka na kuua watu, hatua hufuata kwa kasi. Tume huundwa, wahusika hukamatwa na bodi za kitaaluma huulizwa zilikuwa wapi. Lakini ukuta wa nyumba ya kuishi unapopasuka miezi michache baada ya mwenyewe kuhamia, hakuna tume inayoundwa. Mwenye nyumba hubaki na nyufa zake, na mara nyingi na deni la benki lililojenga nyufa hizo.

Hapo ndipo udhaifu wa usimamizi wa makandarasi nchini unapoonekana. Sheria inajua namna ya kumwadhibu aliyejenga vibaya, ila haimrudishii kitu aliyejengewa vibaya.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997, ina mamlaka ya kusajili makandarasi na kusimamia mwenendo wao. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, na kila daraja lililo chini ya la kwanza lina ukomo wa thamani ya kazi. Anayekiuka taratibu anaweza kuonywa, kutozwa faini, kusimamishwa kwa muda au jina lake kufutwa katika rejista. Anayefanya kazi ya ukandarasi bila usajili anatenda kosa.

Kwenye karatasi, meno hayo yanatosha. Hata hivyo, katika orodha za waliofutiwa usajili ambazo bodi imekuwa ikizitangaza kwa nyakati tofauti, wengi wamekuwa ni wale walioshindwa kulipa ada ya mwaka. Sababu yake si ngumu kuielewa. Deni la ada huthibitishwa kwa kufungua jalada, ilhali ubovu wa zege huthibitishwa kwa kubomoa.

Kosa la ujenzi hufukiwa na kazi yenyewe. Nondo zikipunguzwa katika nguzo, zege humwagwa juu yake siku hiyo hiyo na ushahidi hutoweka. Mchanga wenye chumvi ukitumika, lipu huficha kila kitu hadi ukuta uanze kumenyuka. Zege hupimwa nguvu yake kwa vipande vinavyovunjwa maabara, kwa kawaida baada ya siku 7 na siku 28. Katika ujenzi wa nyumba nyingi za watu binafsi vipande hivyo havichukuliwi kabisa. Mlalamikaji anapofika mbele ya bodi miaka miwili baadaye, huwa na picha za nyufa tu, naye mkandarasi hudai kwamba ardhi ilititia au kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeagiza saruji ipunguzwe.

Dai hilo la pili si la kupuuzwa. Wapo wenye nyumba wanaobana gharama kwa kupunguza vifaa, na wapo wanaoongeza ghorofa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 liliporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam na kuua watu 36. Mamlaka zilieleza kuwa ghorofa zilikuwa zimezidi zilizoidhinishwa. Walioshitakiwa kwa kuua bila kukusudia walikuwa zaidi ya mmoja, wakiwamo mmiliki na mkandarasi. Novemba 16, 2024, jengo jingine lilianguka Kariakoo, na watu watatu waliotajwa kuwa wamiliki walishitakiwa kwa vifo vya watu 31.

Matukio hayo mawili yanaonyesha kuwa jengo bovu lina baba wengi, lakini nidhamu imegawanywa vipande. Mkandarasi yuko chini ya CRB. Mhandisi yuko chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Msanifu na mkadiriaji majenzi wana bodi yao, AQRB. Mkaguzi anayepaswa kufika eneo la ujenzi kabla msingi haujafukiwa ni mtumishi wa halmashauri iliyotoa kibali. Kila chombo kina uwezo wa kumwita mtu wake tu, na kila mmoja wa hao hupata nafasi ya kumnyooshea kidole mwenzake aliye chini ya chombo kingine.

Kuna tatizo jingine lisilosemwa kwa sauti, nalo ni kukodisha cheti. Kampuni iliyosajiliwa hutoa jina lake na kibao chake kisimamishwe mbele ya eneo la ujenzi, huku kazi ikifanywa na fundi asiyejulikana na bodi. Nyumba ikiharibika, mwenye cheti hana anachokijua kuhusu kazi hiyo, na fundi hana cheti cha kunyang'anywa.

Tuseme basi kwamba ushahidi umepatikana, bodi imekaa, mkandarasi amesikilizwa na jina lake limefutwa. Mwenye nyumba amepata nini? Faini haiendi kwake. Kufutwa kwa mkandarasi kunawalinda wateja wajao, jambo ambalo ni jema, ila kunaweza hata kumwumiza aliyelalamika, kwa kuwa kampuni isiyo na usajili haiwezi tena kurudi kihalali kurekebisha kasoro zake, wala haina kazi ya kuipatia fedha za kulipa fidia. Njia inayobaki ni mahakama, au usuluhishi unaoratibiwa na Baraza la Taifa la Ujenzi (NCC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Njia zote mbili ni ngumu bila mkataba wa maandishi, kitu ambacho wajenzi wengi wa nyumba za familia hawana.

Kwingineko pengo hili limezibwa walau kwa kiasi. Katika jimbo la California nchini Marekani, kila mkandarasi mwenye leseni hulazimika kuweka dhamana, ambayo tangu Januari 2023 ni dola 25,000, na mteja aliyedhurika anaweza kudai kutoka katika dhamana hiyo. Mwananchi anaweza pia kutafuta jina la mkandarasi katika intaneti na kuona hatua za kinidhamu zilizochukuliwa dhidi yake. Dola 25,000 hazijengi nyumba upya huko, lakini zinatenganisha adhabu na fidia, na kuipa kila moja mahali pake.

Kwa Tanzania, dhamana ya namna hiyo ingeongeza gharama za makandarasi wadogo wa madaraja ya chini, ambao tayari wanalalamikia mitaji. Hoja hiyo ina uzito, na inaweza kujibiwa kwa kupanga kiwango kulingana na daraja. Lakini yapo yasiyohitaji fedha nyingi. Bodi inaweza kuchapisha si jina la aliyefutwa tu, bali pia kosa lake, ili mdaiwa wa ada asionekane sawa na aliyepunguza nondo. Bodi zote tatu zinaweza kusikiliza pamoja shauri linalohusu jengo moja. Halmashauri zinaweza kukataa kazi isiendelee juu ya msingi ambao mkaguzi hajauona.

Mwenye nyumba naye ana silaha ambayo miradi mikubwa huitumia siku zote: kuzuia sehemu ya malipo, kwa kawaida asilimia tano hadi 10, hadi kipindi cha matazamio kiishe na kasoro zirekebishwe. Anayemaliza kulipa siku ya kukabidhiwa ufunguo amekwisha kuitupa silaha hiyo.

Hadi hayo yatakapofanyika, nidhamu ya makandarasi itaendelea kupimwa kwa idadi ya majina yaliyofutwa, wakati walioishi ndani ya nyumba zenye nyufa wanataka kuhesabu nyumba zilizorekebishwa.