Mkimbiaji naye huzidiwa na maji

Mbio za Kilimanjaro Marathon zinapokaribia, swali hujirudia kliniki kwangu: "Daktari, njiani ninywe lita ngapi?" Wengi hutarajia niwatajie kiasi kikubwa, maana tumezoea kuambiwa tunywe kabla kiu haijaja, na kwamba maji hayamdhuru mtu.

Yanadhuru. Mwaka 2002, kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwanamke wa miaka 28 alifariki dunia baada ya sodiamu, yaani chumvi ya damuni, kushuka mno kwa sababu ya kunywa kupita kiasi. Watafiti waliopima damu ya washiriki 488 wa mbio hizo walikuta asilimia 13 wana sodiamu pungufu. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotumia zaidi ya saa nne na waliomaliza wakiwa wameongezeka uzito.

Mwili ukifanya kazi nzito kwa saa nyingi unaweza kutoa homoni inayozuia figo kutoa maji. Ukinywa kila kituo, maji hubaki mwilini, chumvi ya damu huzimuliwa na ubongo huvimba. Kichwa huuma, mtu hutapika, huchanganyikiwa, hata kupata degedege. Kinachonitisha ni kwamba anafanana na aliyeishiwa maji, hivyo wasamaria wema humwongezea chupa nyingine! Vinywaji vya michezo navyo havimkingi, kwa kuwa sodiamu yake ni kidogo kuliko ya damu.

Jibu langu: kunywa ukisikia kiu, acha ikiisha. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu. Ukiongezeka, ulikunywa kupita kiasi. Usimeze diclofenac wala ibuprofen kabla ya kukimbia, huelemea figo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aonane kwanza na daktari wake.

Mzazi, mpe mwanao nafasi ya kunywa, hasa jua likiwa kali, maana watoto husahau wakicheza. Lakini usimlazimishe kumaliza chupa. Mkimbiaji akichanganyikiwa baada ya mbio ndefu, usimnyweshe. Mkimbize hospitali, na mweleze daktari alikunywa kiasi gani, ili sodiamu ipimwe kabla ya kuharakisha dripu.