Nani Atasimamisha Zege?

Toleo hili linahusu majukwaa ya mafuta na gesi yanayojengwa baharini kwa mbio: zege la chini linamwagwa huku wahandisi wakiendelea kuchora sehemu za juu. Wawekezaji wanaupenda utaratibu huo, kwani kila mwezi unaookolewa ni mwezi wa mauzo. Sisi hatuupingi. Tunapinga kuokoa miezi hiyo kwa kufupisha uhakiki.

Tazameni jukwaa la gesi la Sleipner A la Norway. Tarehe 23 Agosti 1991 kitako chake cha zege, chenye seli 24, kilikuwa kikizamishwa taratibu kwa majaribio katika Gandsfjord, karibu na Stavanger. Ukuta ukapasuka, maji yakazishinda pampu, kitako chote kikaenda chini. Kilipopiga sakafu ya bahari, ardhi ilitetemeka kwa 3.0 kwenye kipimo cha Richter. Hakufa mtu, lakini hasara ilikaribia dola milioni 700.

Hesabu ya kompyuta ilikuwa imeugawa ukuta ule vipande vikubwa mno, ikakadiria nguvu ya kukata pungufu kwa karibu nusu. Ukuta ukajengwa mwembamba, na baadhi ya nondo zikawa fupi mahali palipozihitaji zaidi. Linalouma ni hili: hesabu makini iliyofanywa baada ya ajali ilionyesha kwamba ukuta ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Ulipasuka kwenye mita 65. Jibu lilikuwa linapatikana; halikutafutwa kwa wakati.

Kitako cha pili kilijengwa kwa haraka kubwa zaidi, maana wanunuzi wa gesi walikuwa wakisubiri. Kusubiri kompyuta kungechelewesha kazi, hivyo wahandisi wazoefu walikokotoa kuta kwa mkono, kwa mbinu za zamani, wakipima kila jibu kwa akili zao. Aprili 1993 kitako kipya kiliunganishwa na sitaha, na mwaka huohuo gesi ikatoka.

Mbio hizo zimeshafika jirani. Coral Sul, mtambo wa gesi unaoelea Msumbiji katika bonde la Rovuma, uliidhinishwa mwaka 2017 na kupakia shehena ya kwanza Novemba 2022. Gesi ya Tanzania ya kina kirefu bado inasubiri mikataba yake. Tunataka mikataba hiyo imtaje mhakiki huru, asiyelipwa na mkandarasi, mwenye muda wake kwenye ratiba na mamlaka ya kusimamisha umwagaji wa zege.