Msomi wa Masama na Kitunguu cha Mang'ola

Nchi hii ina mambo mengi ya kustaajabisha, lakini machache yanalizidi hili: kwamba mtu aliyezaliwa Masama, katika kihamba chenye udongo wa volkano, samadi ya ng'ombe wa bandani na mfongo unaopita nyuma ya nyumba, apande gari siku ya soko ateremke Kwa Sadala kununua kitunguu. Kitunguu chenyewe kimetoka Mang'ola, ng'ambo ya Karatu, karibu na Ziwa Eyasi. Kimesafiri kwa lori zaidi ya kilomita 200, kimepita mikononi mwa mkulima, dalali, mwenye lori na mchuuzi, na kila mkono umechukua chake. Kitunguu saumu kimetoka Mbulu, na mara nyingine kimevuka bahari kutoka China, nchi inayovuna takriban robo tatu ya saumu yote ya dunia. Hata fungu la mnafu, mboga ambayo Masama huota yenyewe kando ya banda la ng'ombe bila kuombwa, nalo limelipiwa fedha taslimu.

Na mnunuzi huyo si mzee asiyejua kusoma wala kijana asiye na kazi. Mara nyingi ni mwalimu, karani, mganga wa zahanati au ofisa wa halmashauri; mtu aliyekaa darasani miaka kumi na mitano kwa kodi ya wakulima, aliyekikata kitunguu kwa wembe katika somo la baiolojia, akachora kila tabaka lake na kupewa alama nzuri. Akiulizwa kitunguu husiwa mwezi gani Masama, hana jibu. Mama yake mzazi, aliyeishia darasa la nne, analo.

Hapana ugomvi hapa na mkulima wa Mang'ola. Yeye anafanya kazi yake juani, kwa maji ya chemchemi anayogawana na wenzake kwa zamu, na watu wa mijini wasio na hata kipande cha ardhi wanamhitaji. Ugomvi ni na kasumba iliyomfanya mwenye ardhi, maji, samadi na elimu ajihesabu kuwa mtu wa mjini, ili mradi tu asionekane ameshika jembe.

Kisingizio kinachotangulia siku zote ni udogo wa ardhi. Kina ukweli ndani yake, na ukweli huo usifichwe. Utafiti wa Fernandes, Oktingati na Maghembe, uliochapishwa mwaka 1984, ulikuta kihamba cha Mchagga kina wastani wa hekta 0.68, yaani chini ya ekari mbili. Na humo humo imepangwa miti ya kivuli, migomba, kahawa, magimbi, maharage na majani ya ng'ombe, kila kimoja katika ghorofa yake. Tangu mwaka huo baba wamewagawia wana, na wana wamewagawia wajukuu. Lakini kitunguu hakidai ekari. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita kumi halizidi sana nafasi ya kuegesha gari moja. Likipandwa kwa sentimita 15 kati ya mstari na mstari, na sentimita 10 kati ya mche na mche, linabeba miche zaidi ya 600. Robo ikiharibiwa na ugonjwa, kuku na watoto, na kila kitunguu kilichosalia kikawa na gramu 70 tu, jikoni zitaingia zaidi ya kilo 30. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Ni kweli kwamba vitunguu hivyo havitadumu mwaka mzima. Kitunguu chekundu kilichokaushwa vizuri na kutandazwa penye hewa hukaa miezi mitatu au minne, kisha huanza kuchipua. Lakini mtumishi anayelalamika kila tarehe ishirini kwamba mshahara umekwisha asiione miezi minne kuwa jambo dogo.

Kama ardhi ni haba kiasi hicho, basi na waulizwe wenye nyumba za Desemba. Nani asiyezijua? Geti la chuma, ukuta mrefu, uwanja uliotandikwa matofali ya saruji, na mbele yake nyasi za mapambo. Migomba imeng'olewa ili nyumba ionekane kutoka barabarani. Mfongo uliopita hapo tangu enzi za mababu umefukiwa au umeelekezwa kwa jirani. Charles Dundas, ofisa wa utawala wa Kiingereza ambaye kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake kilitoka mwaka 1924, hakuweza kuipita mifongo hiyo bila kuiandika. Mjukuu wa walioichimba anaifukia kwa kifusi. Nyumba hufunguliwa wiki mbili, Krismasi na Mwaka Mpya. Miezi kumi na moja na nusu iliyobaki mlinzi hulipwa kuzinywesha maji nyasi ambazo hata ng'ombe haruhusiwi kuzila. Na mtu anayefanya hivyo, akikaa kwenye baa mjini, ndiye anayesikitika kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba Uchagga umekwisha ardhi.

Wako walimu wasio wenyeji wa Masama, wanaoishi katika nyumba za shule au za kupanga, nao husema kwamba ardhi si yao na uhamisho unaweza kuja wakati wowote. Mchicha huchumwa wiki ya nne. Kitunguu hukomaa miezi mitatu hadi minne baada ya kuhamishwa kitaluni. Hakuna mwajiri anayemhamisha mwalimu kila baada ya miezi mitatu, na mwenye nyumba anayekataza mpangaji asipande sukuma wiki katika magunia mawili yaliyojazwa udongo na samadi bado hajaonekana.

Hoja ya kivuli ina uzito zaidi, na aitoaye angalau amewahi kutazama chini. Kitunguu hakipendi kivuli. Chini ya mgomba hutoa majani marefu na kichwa kisichozidi kidole gumba. Masika nayo, Machi hadi Mei, hukiletea ukungu na madoa ya zambarau yanayokausha majani. Ndiyo maana kitalu husiwa masika yanapoelekea mwisho, miche ikahamishwa baada ya wiki sita hadi nane ikiwa na unene wa penseli, ikanyweshwa katika ubaridi mkavu wa Juni hadi Septemba, na maji yakakatwa wiki mbili kabla ya kuvuna, shingo zinapoanza kulala zenyewe. Kazi huisha kabla ya vuli. Kitunguu saumu hufuata kalenda hiyo hiyo ila hakina kitalu. Hupandwa punje moja moja, ncha ikiwa juu, zikichaguliwa zile nene za nje na kuachwa zile nyembamba za katikati. Na baridi ya Julai inayomfanya mwalimu avae sweta mbili ndiyo inayokifanya kigawanyike punje. Vyote viwili vinataka jua. Na jua liko wapi katika kihamba cha Masama? Liko mbele ya nyumba, pale pale palipopandwa nyasi za mapambo.

Mchicha, figiri, sukuma wiki na mnafu havina masharti makubwa hivyo. Vinavumilia nusu kivuli, vinakubali mvua, vinaridhika na samadi iliyooza. Jambo moja tu lizingatiwe na wenye kahawa: mboga isichumwe chini ya mikahawa iliyopigwa mrututu au dawa nyingine yoyote. Tuta na liwe mbali na bomba la dawa.

Hata hivyo, mtu anaweza kuyajua yote hayo na asipande hata jani. Kiini cha jambo kiko shuleni, na hapa walimu hawana budi kusikiliza hata kama maneno yanachoma.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Lilitaka shule iwe pia shamba, wanafunzi wafanye kazi, na tena washiriki kuamua mapato ya kazi yao yatumikeje. Sehemu ya kwanza ilishikwa kwa mikono miwili. Sehemu ya pili ilisahauliwa. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyepita katika shule ya msingi. Aliyechelewa namba alipewa jembe. Aliyezungumza lugha ya kwao darasani alipewa jembe. Aliyeshindwa hesabu alipimiwa eneo la kulima, na aliyezishinda aliketi ndani, safi, akisubiri kengele. Mboga zilizostawi zilielekea jikoni kwa mkubwa wa shule, au ziliuzwa na fedha yake haikusomwa mbele ya mtu yeyote. Mtoto si mjinga. Alilielewa somo kama lilivyofundishwa: kwamba jembe ni kiboko chenye mpini mrefu, na kwamba maana ya kufaulu ni kutolishika tena. Leo mtoto huyo ana shahada, ana kiti ofisini, na siku ya soko ndiye anayeteremka Kwa Sadala na kikapu. Wa kulaumiwa hapa ni mtaala ule usioandikwa popote, nao katika shule nyingi unaendelea hadi leo.

Maazimio yamepita juu ya kasumba hii kama mvua juu ya bati. Mwaka 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa ikatoa azimio la Siasa ni Kilimo. Mwaka 2009 ikaja kaulimbiu ya Kilimo Kwanza. Yote mawili yalipigiwa makofi ofisini na watu wasio na tuta la mchicha. Siku hizi ziko semina za lishe ambamo mtaalamu huonyesha picha za mboga za majani ukutani, na washiriki, wakisubiri posho, hunywa soda na kula sambusa ambazo vitunguu vyake vimenunuliwa sokoni.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wa Masama hawapendi lisemwe gazetini. Kwa desturi kahawa ilikuwa mali ya baba, kwa jina lake katika daftari la chama cha msingi. Mboga, maziwa na ndizi za kuuza zilikuwa za mama. Tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, heshima yote ilikwenda kwenye kahawa. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na katika nyumba nyingi sare na daftari za watoto zikatoka katika kapu la mama. Je, bustani ilipandishwa cheo? Hata kidogo. Iliendelea kuitwa vijimboga. Mwanamume anayeona fahari kupogoa kahawa isiyomlipa, na haya kumwagilia figiri inayomlisha, hana budi kujiuliza kama anatetea uchumi au anatetea cheo chake.

Yafaa pia bustani isipewe sifa isizokuwa nazo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitunguu hakitibu udumavu, na asemaye hivyo anadanganya. Lakini mtoto wa mgombani anayekula ndizi asubuhi na jioni hushiba wanga; kinachokosekana bakulini ni jani la kijani, yai na maziwa, na la kwanza katika hayo matatu linaweza kuota hatua ishirini kutoka jikoni. Wala bustani haijibu madai ya mishahara. Kiongozi atakayemwambia mwalimu anayedai haki yake kwamba akalime mchicha, atakuwa amelitumia jembe kama kiboko kwa mara ya pili, na mwalimu atakuwa na haki ya kumkatalia.

Linalotakiwa linaweza kufanywa na walimu wenyewe bila kungoja waraka. Adhabu ya jembe ikomeshwe, katika kila shule, tangu muhula huu. Kila darasa lipewe tuta lake, na wenye alama za juu wawe wa kwanza kulishika. Hesabu ya mauzo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, hadi shilingi ya mwisho, na wanafunzi ndio waamue kama itanunua mpira, vitabu au mbegu za msimu ujao. Nyumbani kwa mwalimu pawe na tuta la namna hiyo hiyo, mahali ambapo mtoto anayepita njiani ataliona na kumwona mwalimu akiwa ameinama. Mbegu ya kitunguu haitunziki muda mrefu. Ikizidi mwaka hupoteza nguvu ya kuota, kwa hiyo pakiti iliyosahauliwa kabatini tangu mwaka juzi itupwe. Mkuu wa shule atakayeanza kutafuta mbegu Juni amekwisha chelewa namba. Zinunuliwe Aprili, kitalu kisiwe kabla Mei haijafika katikati, na punje za saumu zitafutwe kwa wakulima wa Mbulu, ambao mbegu yao imeizoea nchi.