Mgonjwa Apewe Wimbo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nataka tuzungumzie hofu ya hospitali, na dawa moja ya hofu hiyo ambayo haiuzwi katika duka lolote la dawa. Dawa yenyewe ni muziki.

Msicheke! Nani kati yetu hamjui mtu anayeogopa sindano kuliko ugonjwa wenyewe? Hapa Mitunguu utampata jitu la miraba minne, linabeba mikungu ya ndizi kutwa nzima, lakini jino likimwuma atatafuna karafuu mwezi mzima badala ya kupanda matatu hadi Nkubu akang'olewe. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Vitani ni kweli, lakini hospitalini methali hiyo imegeuka. Anayekimbia matibabu ndiye ambaye kilio humfuata hadi nyumbani.

Sasa muziki unaingilia wapi? Mtu akiogopa, moyo humwenda mbio, pumzi humpaa na misuli hukazana. Maumivu nayo huzidi. Wimbo mtulivu huishika akili isikae tu ikingoja kudungwa, na pumzi hurudi polepole. Hii si ndoto yangu. Mwaka wa 1914 daktari mpasuaji wa Marekani, Evan Kane, aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa huko akiisifu gramafoni aliyoitumia katika chumba cha upasuaji kuwatuliza wagonjwa. Mwaka wa 2015 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliokusanya majaribio 73 yenye wagonjwa karibu 7,000. Waliosikiliza muziki kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji au baadaye, wasiwasi na maumivu yao yalipungua. Aina ya muziki haikuleta tofauti kubwa.

Lakini mbona twende mbali? Nenda kliniki siku ya chanjo. Mtoto wa wiki 6, 10 au 14 akidungwa, mamake hufanya nini? Humwimbia! Wazee wetu Wameru nao hawakumpeleka kijana kutahiriwa kimyakimya. Aliimbiwa apate moyo. Tofauti ni kwamba kijana yule alitakiwa pia asitikisike, asije akaaibisha ukoo. Wimbo wa hospitali usimwaibishe mtu. Anayetaka kulia na alie.

Najua wapo watakaosema, "Aa, hospitali si disko bwana!" Ni kweli kabisa. Sitetei kelele. Televisheni inayobweka mahali pa kungojea, na hakuna aliyeulizwa anataka nini, humwongezea mgonjwa kichwa kuuma. Ninachoomba ni kwamba mtu anayengoja kushonwa kidonda, kung'olewa jino au kuingizwa chumba cha upasuaji aulizwe, "Ungependa kusikia wimbo gani?" Achague mwenyewe: wa kanisani, wa Kimeru, rumba, taarabu, hata kimya akitaka. Sauti iwe ya chini, daktari na wauguzi wasikizane, na wa kitanda cha pili asisumbuliwe. Simu na vile vidude vya masikioni vinatosha, mradi visafishwe vizuri kabla ya kupewa mtu mwingine.

Tena wimbo usichukue mahali pa ganzi wala nusukaputi. Usichukue mahali pa maelezo pia. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa atakachofanyiwa na kwa nini. Kumchezea wimbo mtu ambaye hajaelezwa lolote ni kumfunga kitambaa machoni.

Waama, hospitali zetu zina shida nyingi zinazohitaji pesa nyingi: dawa, vitanda, wauguzi. Hili halihitaji pesa hizo. Linahitaji mtu wa kuuliza swali moja na kungoja jibu. Basi nyinyi wenzangu mnaotia bidii katika Bayolojia na Kemia mkitumaini kuvaa lile koti jeupe, mkifika huko msilisahau swali hilo. Huenda ndilo litakalomfanya mtu fulani wa Mitunguu arudi kliniki mara ya pili badala ya kujificha shambani kwake.