Waandishi wa programu za taa, matumbawe yanawafia watu

Taa ya tangi ikibadilishwa na matumbawe yakapauka, mwenye tangi ndiye anayelaumiwa. Eti hajui kufuga. Mimi nasema lawama iende kwa walioandika programu inayoendesha hiyo taa.

Tuelewane kwanza. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake mna mwani wa seli moja unaotumia mwanga kumtengenezea chakula. Mwanga ukipungua, mwani huongeza klorofili na tumbawe hugeuka kahawia. Mwanga ukizidi ghafla, mwani hushindwa kuutumia wote na huanza kutoa oksijeni yenye sumu. Tumbawe huufukuza, likabaki jeupe na njaa. Dalili huchukua siku kadhaa kuonekana, na kuzoea mwanga mpya huchukua wiki.

Haya, sasa fungua programu ya taa ya LED kwenye simu. Asilimia 0 hadi 100, kwa kidole kimoja, papo hapo! Mtu ametoa mirija ya T5 iliyochoka, amefunga LED mpya, akaisukuma hadi 100 kwa sababu tangi linapendeza. Wiki ya pili matumbawe yamepauka, anashusha hadi 20. Yakigeuka kahawia, anapandisha tena. Aliyewahi kuandika programu ya kudhibiti mtambo anajua mwisho wake: ukirekebisha haraka kuliko mtambo unavyojibu, unauyumbisha mwenyewe.

Na hiyo asilimia ni ya nini? 100 ya taa moja si 100 ya nyingine. Wati nazo hazisaidii. Kinachohesabika ni PAR, yaani mikromoli za fotoni zinazofika kwenye kila mita ya mraba kwa sekunde. Wafugaji wengi huweka matumbawe laini kwenye 50 hadi 150, na Acropora 200 hadi 400. Programu inayokuonyesha asilimia tupu haijakwambia kitu.

Najua mtakachojibu: taa nyingine zina hali ya kuzoesha matumbawe. Ndiyo, lakini mpaka mtu aitafute kwenye menyu na kuiwasha, na anayeihitaji zaidi ni mgeni asiyejua kama ipo. Mtasema pia mteja asipangiwe taa aliyoinunua. Sawa, aizime akitaka, ila aizime kwa makusudi.

Jamani, si kazi ngumu. Taa mpya ianze chini ya nusu, ipande yenyewe kidogokidogo kwa wiki 4 hadi 8. Anayetaka kuruka aonywe. Toleo jipya la programu tunalipeleka kwanza kwa asilimia 5 ya watumiaji, tunatazama, ndipo tunaendelea. Seva tunaihurumia hivyo, na seva huwashwa upya. Tumbawe likifa limekufa.

Wewe mwenye tangi, hadi watakapokusikia: badilisha kitu kimoja tu, kiandike na tarehe yake, kisha usiiguse taa kwa wiki 2.