Mliusikia moyo wake mkanyamaza
Barua ya wazi kwa wakubwa wanaosimamia uandikishaji wa vijana jeshini, Kisangani

Waheshimiwa,

Anayewaandikia ni mwalimu wa darasa la pili, mkaaji wa komini ya Mangobo. Ni mama mdogo wa kijana mliyemrudisha nyumbani kwa neno moja tu: inapte, yaani hafai. Amemlea tangu dada yake, mama mzazi wa kijana, alipofariki, na ndiye aliyemtolea fotokopi za diploma ya taifa, akamfulia shati jeupe na kumwambia, "Nenda, mwanangu, nchi inakuhitaji."

Sababu za kijana kuja kwenu mnazijua kuliko yeye. Goma ilianguka mikononi mwa waasi mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na tangu Novemba 2022 Rais alikuwa amewaita vijana waingie jeshini. Katiba, kifungu cha 63, inasema kulinda nchi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Hapa Kisangani maneno hayo hayahitaji mhubiri. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji huu, makombora yakiangukia nyumba za watu ambao vita hivyo havikuwa vyao. Kijana hakuwa amezaliwa, lakini amekulia kwenye ua ambao wazee wake bado wanahesabu miaka kwa kusema kabla ya vita vya siku sita, na baada yake.

Alikuja kwenu Februari hiyo ya 2025, akiwa na miaka 18. Alikimbia mliyomkimbiza, akainua mliyomwinulisha. Kisha akavua shati, daktari wenu akamwekea chombo kifuani. Akasikiliza. Akasikiliza tena, muda mrefu kuliko kwa wenzake. Akamwita mwingine, naye akasikiliza. Wawili hao wakatazamana, wakaandika kitu katika daftari, na kijana akaambiwa mbele ya safu nzima: inapte, apite anayefuata. Aliuliza ana nini. Aliambiwa asogee, anazuia wengine.

Alitoka mikono mitupu. Hakupewa hata kipande cha karatasi.

Mwandishi wa barua hii halalamikii kukataliwa kwa kijana, na anaomba jambo hilo lieleweke vizuri. Kifungu cha 189 cha Katiba kinataka afya ya mwili iwe mojawapo ya vipimo vya kuunda jeshi, na ni sawa. Kama mngempokea, huenda mazoezi ya mwezi wa kwanza yangemuua. Mlikuwa na haki ya kumrudisha. Hamkuwa na haki ya kuondoka na habari za moyo wake mkaziacha ndani ya daftari lenu.

Miezi saba ikapita.

Katika miezi hiyo saba mtaa ulijitungia ugonjwa. Wa kwanza walisema ni ukimwi, kwa sababu kijana anayetolewa kwenye safu bila maelezo hupewa ukimwi na majirani. Nchi hii ina sheria tangu Julai 2008 ya kuwalinda wanaoishi na virusi hivyo dhidi ya ubaguzi, lakini sheria haikai kisimani pamoja na wanawake wanaochota maji. Wengine walisema amerogwa na upande wa baba. Mama mdogo mwenyewe, na hili linamuumiza kuliko yote, usiku mmoja alimuuliza kijana kama anavuta bangi. Kijana hakujibu. Tangu siku hiyo alikula peke yake chumbani, na mama huyo hajajua bado namna ya kulirudisha lile swali mdomoni.

Mwezi wa saba tangu arudishwe, alianza kukosa pumzi akipanda ngazi za kanisa. Ndipo yakaanza matumizi: kituo cha afya kimoja, kingine, vipimo vya damu, malaria mara tatu, minyoo, mapafu. Cherehani ya nyumbani iliuzwa. Mbuzi wawili walifuata. Mwishoni muuguzi mmoja mzee aliweka chombo kifuani, akasikiliza kwa muda ule ule mrefu, akauliza, "Huyu mtoto, alipokuwa mdogo, aliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba?"

Aliwahi. Alikuwa na miaka 11. Koo lilipona lenyewe, goti moja likavimba, kisha la pili, kisha kiwiko, na nyumbani wakasema anarefuka. Ilikuwa homa ya baridi yabisi. Kidudu kidogo cha koo, mwili unapigana nacho, na katika kupigana huko unajeruhi milango ya moyo wenyewe. Ugonjwa huu huwashika hasa watoto wa nyumba zilizosongamana, na nchi tajiri karibu zimeusahau. Mei 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, zikiahidi kuutafuta na kuuzuia. Kuuzuia usirudi hakutaki mashine ya ajabu. Kunataka sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, bila kuruka. Mlango ulioumia haurudi kuwa mpya, ila kila homa mpya huuharibu zaidi, na sindano ndiyo inayoizuia homa.

Sasa hesabuni, Waheshimiwa. Miezi saba ni sindano zisizopungua saba, na kijana hakupata hata moja. Daktari wenu aliisikia sauti ya moyo ulioumia siku ya kwanza, bila franka hata moja kutoka mfukoni mwa familia. Chombo chenu kilikuwa cha kwanza kuusikiliza moyo huu tangu azaliwe. Mstari mmoja wa kalamu, "moyo una sauti, apelekwe hospitali", ungempa kijana sindano hizo na ungeiacha cherehani mahali pake.

Kuna pia jambo ambalo mnapaswa kuliogopa ninyi wenyewe. Kijana aliyeambiwa hafai, bila kuambiwa kwa nini, hutafuta mahali ambapo atafaa. Rafiki mmoja wa kijana huyu alirudishwa siku ile ile, naye sasa yuko na wanamgambo wa Wazalendo. Huko hakuna anayeweka chombo kifuani. Kijana wetu naye alishafunga begi. Alizuiwa na pumzi yake, si na ushauri wa mtu.

Nchi nyingine zilipita njia hii zikajifunza. Uingereza, baada ya vita vyake vya Afrika Kusini, ilishtuka kuona wingi wa vijana wake waliokataliwa jeshini kwa afya mbovu. Kamati iliundwa, ikatoa ripoti mwaka 1904, na kufikia 1907 sheria zilikuwa zimeleta chakula shuleni na daktari wa kuwapima wanafunzi. Marekani ilitia saini sheria yake ya chakula cha shule mwaka 1946, na hoja mojawapo ilikuwa vijana waliorudishwa wakati wa vita vikuu kwa sababu ya lishe duni. Waliorudishwa walihesabiwa, na hesabu yao ikawa kazi ya serikali. Madaftari yenu yana habari za vifua, macho na masikio ya vijana wa jimbo letu la Tshopo kuliko daftari lolote la shule. Mwalimu huyu amefundisha miaka 16 na hajaona daktari akiingia darasani kwake. Je, serikali inakikumbuka kifua cha mtoto siku ile tu inapohitaji mabega yake?

Anachoomba si kikubwa. Kila anayerudishwa aambiwe kando, si mbele ya safu, na apewe bahasha iliyofungwa yenye jina la tatizo na mahali pa kwenda. Kama tatizo ni moyo, aende na barua ya hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye diploma ambaye hawezi kubeba bunduki aambiwe kama kuna kazi ya kalamu anayoweza kuiomba. Na waliorudishwa tangu Februari ile waitwe tena, mmoja mmoja, kwa majina yaliyomo katika daftari, kwa sababu wapo wengine ambao bado nyumba zao zinauza mbuzi kutafuta jibu mnalolijua.

Sindano ya tano ni Ijumaa. Kijana ataenda kwa toleka, baiskeli ya abiria, kwa kuwa njia ya miguu inamchosha, na mama yake mdogo ataliacha darasa kwa mwenzake muda wa saa mbili. Muuguzi ameuliza daktari wa kwanza aliandika nini hasa, ili ajue kama sauti ya moyo imeongezeka tangu siku ile. Familia inaomba nakala ya ukurasa huo.

Mwalimu wa Mangobo